Kukunja Mkeka Wenye Watu

Ijumaa ile Yakoub alishinda asubuhi nzima akizunguka hospitali, chumba kwa chumba, akiwabembeleza watu kama mwenye harusi aliyekosa wapishi.

"Jamani, ukiinuka kwenda kusali, funga skrini yako. Usiiache wazi. Umesikia, mama? Ukiiacha wazi utanitia matatani."

Mhasibu alimcheka. "Siku hizi umekuwa muadhini, Yakoub?"

"Cheka tu. Wewe funga."

Hospitali ilikuwa ya mtu binafsi, ghorofa mbili, karibu na njia ya kuingilia mtaa wa Mabawa, na fundi wake wa kompyuta alikuwa Yakoub peke yake. Mwenye hospitali alikuwa amenunua mashine mpya ya picha za eksirei, ya gharama ya kutisha, kisha alipoambiwa mashine hiyo inataka seva yake ikiwa peke yake akasema hiyo sasa israfu. Basi programu ya picha ikabanwa kwenye seva ileile yenye databesi ya wagonjwa. Na databesi ilikuwa imejitwalia karibu memori yote tangu siku ilipowekwa. Picha zikawa zinajikokota. Daktari Asheri alikuwa akifungua picha ya mbavu, anakunywa chai yake mpaka tone la mwisho, na mbavu hazijatokea.

Dawa yake ilijulikana: databesi ipunguziwe memori, picha zipewe. Mafundi wengi wangezima kila kitu, wakabadilisha, wakawasha. Yakoub naye alijaribu hivyo juma lililotangulia. Mfumo ukagoma kuamka. Foleni ya wagonjwa ikatoka mlangoni ikafika barabarani, na kwa bahati mbaya mwenye hospitali alikuwa anapita na gari lake. Siku ile Daniel, meneja, alimwita Yakoub ofisini na wala hakumwambia akae.

"Ukiuzima tena mfumo watu wakiwa ndani, barua yako utaikuta kwa Fanueli getini. Usije hata kuniaga."

Fanueli ni mlinzi. Na Yakoub alikuwa na mkataba wa kufanywa upya, mke, mtoto wa kike aitwaye Tabia, na shemeji anayelala chumba kimoja na Tabia. Akarudi kusoma usiku na mchana mpaka akagundua kwamba toleo jipya la databesi linaruhusu memori kupunguzwa huku kazi inaendelea. Akalijaribu kwenye mashine yake ya mazoezi. Lilikubali kabla hajainua kidole.

Mtu ambaye Yakoub alimweleza jambo hilo vizuri zaidi alikuwa Samiha, huyo shemeji yake, mdogo wa mkewe Najat. Samiha alitoka Wete, Pemba, akasomea dawa, na Yakoub mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ya dirisha la dawa. Asubuhi hiyo alimkuta anapanga chupa, koti lake jeupe limenyooshwa pasi hadi kwenye mishono.

"Shemeji, mie sifahamu," Samiha alisema. "Utapunguzaje kitu na watu tumo juu yake?"

Yakoub alipenda kuulizwa. Akaegemea dirisha. "Hiyo memori wote mnaitumia kwa pamoja. Chukulia mkeka mmoja mrefu, watu wamekaa wanachambua mchele wa shughuli. Mimi nataka kuukunja upande mmoja nipate nafasi ya kuweka sufuria. Siwafukuzi. Namwambia aliyekaa mwisho, dada, songa huku na sinia lako. Akisonga wa mwisho, nakunja. Hakuna aliyeinuka, mchele unaendelea."

"Na asiyesonga?"

"Hapo haukunjiki. Na wote mnasimamisha mikono mkimngoja."

"Haya, usije ukanikunja na mie wallahi."

Wakacheka wote wawili. Yakoub atakuja kukikumbuka kicheko hicho mpaka kimkere.

Alichagua saa ya Ijumaa kwa sababu ni saa ambayo Tanga inatulia yenyewe. Wanaume wameshika njia ya msikiti, maduka yameshushwa milango nusu, hata wagonjwa wanaona haya kuja. Watakaobaki ni wachache na kazi itakuwa nyepesi. Akarudi chumbani kwake, akaiuliza databesi orodha ya kadi zote za wagonjwa, apate kuona imetanda kiasi gani. Orodha ikaja ukurasa mmoja ikasimama chini, inangoja abonyeze ndipo iendelee. Alishaona alichokitaka. Akaisogeza pembeni, akafungua dirisha jingine la mashine, akaandika amri ya kupunguza, akabonyeza.

Adhana ikaanza. Yakoub alikuwa ametia udhu tayari, na tangu aoe hajakosa Ijumaa. Akatazama skrini, imeandika kwamba kazi inaendelea. Akajiambia, hii kabla sijavaa viatu imekwisha. Akavaa viatu, akazima simu, akaondoka.

Khatibu siku hiyo alikuwa mgeni kutoka Pangani, na wageni hupenda kuonyesha walichonacho. Khutba ilikuwa ndefu. Leo ukimuuliza Yakoub ilihusu nini hakwambii, na si kwa kuwa alisinzia.

Aliporudi, jambo la kwanza aliloliona ni lile dirisha la amri. Limeandika: inasubiri. Akakaa bila kuvuta kiti vizuri. Inasubiri nani? Akaiuliza mashine imtaje aliyeukalia mkeka. Akawa na hasira kabisa, ameshaanza kumtukana mhasibu kimoyomoyo. Mashine ikamtajia. Akasoma, akasoma tena, akatazama kibandiko cha namba kilichogandishwa juu ya kompyuta iliyo mbele yake.

Ilikuwa yeye. Ile orodha aliyoisogeza pembeni. Ilikuwa imeshika ukurasa wake mkononi, inangoja abonyeze, na hospitali nzima ilikuwa imesimamisha mikono inamngoja yeye amalize kusikiliza khutba.

Akabonyeza. Orodha ikakimbia mpaka mwisho ikafungwa, mkeka ukakunjika, mambo yakaenda mbio kama yasiyowahi kusimama. Na hapo ndipo aliposikia magurudumu ya kitanda yakikimbizwa ukumbini na sauti ya mwanamke ikilia, "Baba mkwe! Baba mkwe jamani!"

*

Mzee Massoud hakufa. Hilo lisemwe mapema, maana Yakoub mwenyewe alikuwa akilisema kila alipofumba macho. Mzee ni mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, aliletwa na Maryam, mke wa mwanawe, anawaka homa. Daktari alimwandikia vidonge vya salfa mapema, karatasi ikachapwa, wakaenda dirishani. Kazi ya Samiha kabla ya kutoa dawa yoyote ni kufungua kadi ya mgonjwa aone kama kuna alama nyekundu ya dawa zinazomdhuru. Kadi ya Mzee Massoud ilikuwa na alama hiyo, na dawa ya salfa ilikuwa ya kwanza. Samiha akafungua. Kioo kikaganda. Akangoja. Akabonyeza tena. Akangoja. Maryam akapiga kelele kwamba mzee anaungua na yeye anachezea kompyuta. Samiha akamuuliza mzee mwenyewe, babu, ipo dawa inayokudhuru? Mzee na homa yake akatikisa kichwa. Akampa.

Akavimba midomo palepale kwenye benchi, kisha koo. Daktari Asheri alimwahi kwa sindano, na alipomaliza aliketi chini sakafuni.

Sasa walikuwa ofisini kwa Daniel. Daniel nyuma ya meza, Samiha amesimama, Yakoub ameitwa akiwa bado ana kofia ya kusalia kichwani.

"Ulitoa dawa bila kufungua kadi," Daniel alisema.

"Nilifungua, bosi. Kioo kiliganda. Kiliganda wallahi, nikangoja mpaka nikaona haya."

"Nimewauliza wa mapokezi. Wanasema mfumo ulikuwa unajikokota kama kawaida yake."

"Haukuwa wa kawaida. Uliganda."

Daniel akamgeukia Yakoub. Hakuwa mtu mbaya, Daniel. Alikuwa mtu anayetaka jibu fupi la kupeleka kwa mwenye hospitali. "Wewe ndiye mtaalamu. Mfumo ulizimwa?"

"Haukuzimwa," Yakoub alisema. Na kweli haukuzimwa.

"Ulizimika wenyewe?"

"Haukuzimika."

"Kulikuwa na hitilafu?"

Yakoub aligusa kofia yake. "Mimi nilikuwa msikitini."

"Nauliza mfumo, sikuulizi wewe. Kwa mujibu wa mashine zako, mfumo ulikuwa unafanya kazi au haukuwa unafanya kazi?"

Palikuwa na nafasi hapo. Pana kabisa, mtu angeweza kupita na gunia kichwani. Yakoub aliiona, akaona na barua iliyo kwa Fanueli getini, akaona na Tabia na sare yake ya shule.

"Ulikuwa unafanya kazi."

Samiha alimtazama. Hakumtazama kwa chuki, afadhali ingekuwa chuki. Alimtazama kama mtu aliyepotewa na kitu na anajiuliza kama kweli alikuwa nacho.

"Labda basi ni mie," alisema polepole. "Labda sikubonyeza vizuri."

"Labda!" Daniel akasema. "Mgonjwa anataka kufa, wewe labda!"

Dirisha la Yakoub linatazama geti. Kwa hiyo alimwona Fanueli akimzuia Samiha, akimwonyesha koti. Mali ya hospitali haitoki. Samiha akafungua vifungo kimoja kimoja mbele ya waliokaa foleni, akalikunja vizuri kama anayelirudisha kabatini, akampa. Fanueli akalitundika kwenye msumari ndani ya kibanda chake. Samiha akavuta mtandio kufunika mabega, akatoka.

*

Nyumbani Najat alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya Ijumaa, na habari ilikuwa imemtangulia kila mtu. Mtaa wa Mabawa hauhitaji simu. Jirani alikuja kuazima kinu ambacho anacho kwake, apate tu kumwona Samiha usoni.

"Mwache apumzike, shoga," Najat alimwambia mlangoni. Alipofunga mlango akamgeukia mdogo wake. "Hebu niambie kweli. Ulikuwa na simu mkononi?"

"Simu ilikuwa mkobani, dada."

"Maana mtu haleti mkosi wa hivi akiwa macho kazini."

"Kioo kiliganda."

"Samiha, shemeji yako ndiye mwenye hivyo vioo. Kasema vilikuwa vinafanya kazi. Sasa unataka aseme uongo, mtu mwenye swala zake, ili wewe usalimike?"

Yakoub alikuwa kwenye mkeka, mkono umo kwenye sinia. Akaendelea kufinyanga tonge lilelile. Samiha alichukua samaki, akachambua miba kama afanyavyo kila siku, akaweka nyama upande wa Tabia na kipande kizuri upande wa shemeji yake.

"Kula, shemeji. Na weye umepata shida leo kwa ajili yangu."

Chumbani, Najat alimkanda mume wake mabega. "Nakujua, baba Tabia, najua imekuuma. Lakini umefanya vizuri. Wangekuona unamkinga ndugu, wangekutoa na wewe. Mungu atakulipa kwa kusema kweli."

"Usiseme hivyo," Yakoub alisema.

"Kwa nini nisiseme? Mume mkweli ni neema."

Akamwomba azime taa.

Mambo kazini yalizidi kumtesa kwa kumwendea vizuri. Picha za eksirei zilikuwa zinafunguka mara tu unapozigusa. Daktari Asheri alimpigia makofi ukumbini. Daniel alimpa mkono, mkono wa kweli wenye kutikisika, akasema amempigia mwenyewe mwenye hospitali kumweleza kwamba kazi imefanyika bila kuzima, na kwamba mkataba wake usimtie wasiwasi.

"Na huyu binti," Yakoub alijaribu. "Haiwezekani akapewa onyo tu?"

"Ndugu yako, naelewa. Lakini barua imekwenda kwa wanaotoa leseni. Hatakaa tena dirisha la dawa, si hapa, si kwingine. Ni vigumu, lakini bora yeye kuliko jina la hospitali." Akamshika bega. "Najua ilikugharimu kusema. Nimekuheshimu sana."

Yakoub akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa akiitazama kompyuta isiyo na kosa lolote.

*

Samiha aling'ang'ania kwenda kumwomba radhi Mzee Massoud, na Najat akaamuru Yakoub amsindikize, kwa kuwa msichana asingeruhusiwa kupita peke yake. Hata hivyo Fanueli aliwasimamisha. "Wewe pita, Bwana Yakoub. Huyu asubiri saa ya wageni." Basi Samiha, aliyekuwa akiingia geti lile kila asubuhi akimsalimia Fanueli kwa jina, akasimama juani na bakuli la uji wa mchele mpaka kengele ikagongwa.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, uso umeanza kurudi mahali pake. Maryam alipomwona Samiha aliinuka, akasimama kati yao.

"Umekuja kummalizia?"

"Mwache," mzee akasema.

"Shikamoo, babu," Samiha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Samiha akapiga magoti akaweka bakuli kwenye kabati. "Nimekuja kuomba radhi. Nimekudhuru."

Mzee akamtazama. "Nataka jambo moja tu. Siku ile ulinitazama kweli, au ulinipa kama mtu anavyopimia machungwa huku anaongea na mwenzake?"

"Nilikutazama, babu. Nilifungua kadi yako. Kioo hakikunionyesha."

"Heee!" Maryam akapiga kiganja. "Bado anasingizia mashine! Mwenye mashine si huyu hapa aliyekuja naye? Eti kaka, mashine yako ilikufa siku hiyo?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Hata mwenye mguu wa plasta aliyekuwa akikoroma aliacha kukoroma. Yakoub akasikia sauti yake ikitoka, nyembamba, kama inatoka chumba kingine.

"Haikufa."

"Umesikia mwenyewe!" Maryam akamwambia Samiha.

Mzee Massoud hakusema neno la ukali. Aligeukia ukutani tu. "Nimekusamehe, mwanangu," aliuambia ukuta. "Lakini ungeniambia kweli ningekusamehe vizuri zaidi."

Njiani Samiha hakulia. Walipokaribia nyumbani ndipo alipouliza, kwa unyenyekevu uliomkata Yakoub maini, "Shemeji, inawezekana mtu akaona kitu kimeganda na hakikuganda? Maana mie nimeanza kujiogopa. Nikipika, nazima jiko, narudi kutazama kama nimezima."

Mdomo wa Yakoub ulifunguka. Watoto walikuwa wanacheza mpira njiani, mpira ukaja miguuni kwake, akaurudisha, na alipoinua kichwa Samiha alikuwa ameshatangulia.

*

Uamuzi wa kurudi Pemba ulikuwa wa Samiha mwenyewe. Mama yao alipiga simu kutoka Wete akalia, akasema mashamba yapo, karafuu zinataka watu, arudi tu. Meli ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Najat alikuwa amejikaza siku zote hizo, lakini alipoliona begi limefungwa zipu, akaanza kumpa vitu visivyo na maana: nusu chupa ya mafuta ya nazi, kanga ambayo Samiha anayo, sabuni.

Bajaji ikasimama nje. Ni ada yao, wala si yao peke yao, kwamba mtu hasafiri safari ya maji bila kuachana radhi na aliokaa nao. Samiha alianza na Tabia, akambusu. Akaenda kwa dada yake, wakashikana mikono, wakahalalishiana chumvi na maji na maneno yote makali. Kisha akaja mbele ya Yakoub. Kwa heshima, hakumtazama usoni.

"Shemeji, nimekaa kwako, nimekula chako, umenitafutia kazi nikakutia aibu mbele ya watu wako. Nakuomba radhi. Nihalalishie."

Mtu angejibu nini? Nyumba nzima ilikuwa inangoja neno moja.

"Nimekuhalalishia," Yakoub alisema.

"Na wewe muombe, baba Tabia," Najat akasema akijifuta pua. "Ndiyo ada."

"Hata asiniombe, dada. Shemeji hana alonikosea." Samiha akainama kuchukua begi. "Nimemhalalishia yote, ninayoyajua na nisiyoyajua."

"Usinihalalishie."

Samiha akasimama na begi mkononi.

"Hayo usiyoyajua," Yakoub alisema, "usinihalalishie. Ngoja uyajue kwanza."

"Una nini?" Najat akauliza.

"Uliganda." Alikuwa anatazama sakafu. "Siku ile mfumo uliganda. Kama ulivyosema, Samiha, hivyohivyo. Hukukosea kubonyeza. Nilikuwa nakunja ule mkeka niliokwambia, na kulikuwa na mtu mmoja hakusonga. Skrini moja iliachwa wazi hospitali nzima."

"Ya nani?"

"Yangu."

Nje bajaji ikapiga honi. Hakuna aliyejali. Najat alikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, akiwa haangalii anapokalia.

"Niliwaambia watu wote wafunge," Yakoub akasema, "nikaenda kusali nikaiacha ya kwangu."

Samiha akaweka begi chini. Alipozungumza alizungumza taratibu, kama anayehesabu vidonge.

"Ulijua lini?"

"Nilipotoka msikitini."

"Kabla sijavuliwa koti?"

"Kabla."

"Siku tulipokwenda kwa Mzee Massoud. Nilipopiga magoti. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuchambulia samaki?"

Machozi yalikuwa yameshamfika Yakoub kidevuni na hakuinua mkono kuyafuta. "Nilimwogopa Daniel," alisema. "Nilisema haukuzimwa, na haukuzimwa. Nikajishika na neno hilo nikadhani litanibeba."

"Na mie nikamwita mwongo," Najat akasema. Hakumwambia mtu yeyote, alikuwa anaiambia kanga iliyo mapajani mwake. "Mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamwambia alikuwa na simu."

Samiha alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Walidhani analia. Alipoushusha walimwona usoni kitu ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu Ijumaa ile, uso wa mtu anayejua alichokiona.

"Kwa hivyo sikupagawa," alisema. "Kiliganda."

"Kiliganda."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha akamtazama shemeji yake usoni, bila haya wala heshima ya kuazima. "Basi ile radhi niliyokupa nairudisha. Niliitoa kwa mtu mwengine. Weye nenda kwa Daniel ukamwambie kama ulivyonambia mie. Kisha nenda kwa Mzee Massoud, umwambie mbele ya mkamwana wake, na wale wagonjwa wengine wasikie. Kisha uniletee koti langu. Ukija nalo ndipo tutaanza kuombana."

"Watanifukuza," Yakoub alisema. Hakulisema kwa kujitetea.

"Hwenda," Samiha akasema. Akalichukua begi lake akaingia nalo chumbani kwa Tabia, wakasikia zipu ikifunguliwa.

Yakoub alimtazama mke wake. Alitaka neno, lolote, hata tusi. Najat aliinuka, akaenda mlangoni, akazungumza na dereva wa bajaji. "Hatuendi bandarini tena. Mpeleke huyu kazini kwake." Kisha akapisha njia, mume wake apite.

Fanueli alikuwa kibandani anakula muhogo wa kuchoma. Koti lilikuwa bado kwenye msumari uleule, halijaguswa na mtu, vumbi limeanza kukaa mabegani.

"Jumamosi leo, Bwana Yakoub. Kuna kimeharibika?"

"Nimefuata hilo koti."

Fanueli akatazama koti, akamtazama yeye. "Hilo siwezi kukupa bila Bwana Daniel."

"Yupo ndani?"

"Yupo. Wanafunga hesabu za mwezi."

"Basi naanza kwake."

Yakoub akavua kitambulisho chake shingoni. Akanyoosha mkono ndani ya kibanda, akalipangusa koti vumbi la bega moja, la pili, akakitundika kitambulisho kwenye msumari juu yake, akashika njia ya ofisini.

"Ee, Bwana Yakoub!" Fanueli akamwita. "Umesahau kitambulisho!"

"Sijasahau," Yakoub alisema, na akagonga mlango wa Daniel.